Kamera ya Bei Mbaya, Kabla Hujakopa Kikoba

Karibu kila mwezi kuna kijana anakuja pale kwenye kibanda changu cha picha Mwanga, Kigoma, anakaa kwenye benchi la wateja wa paspoti, anasubiri watu wapungue. Najua anachokuja kuuliza. "Dada, nimejichanga. Nikinunua ile kubwa, picha zangu si zitakuwa kama zako?"

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii hapa Kigoma, hela ya kamera kubwa niliwahi kuitoa mimi, tena ya mkopo. Nilianza na Canon 700D na ile lenzi inayokuja nayo kwenye boksi, 18-55 (ni milimita, namba ikiwa kubwa lenzi inavuta karibu zaidi). Nikapiga mahafali, vipaimara, sendofu za hapa na pale. Ukumbini usiku picha zilikuwa na chenga kama dagaa waliomwagikiwa mchanga. Nikajiambia tatizo ni kamera. Nikachukua mkopo wa kikoba, nikaagiza Canon 6D iliyotumika kutoka Dar, ikaja na basi. Nikaifungua mbele ya mume wangu kwa mbwembwe zote, nikachukua lenzi yangu nifunge. Haiingii. Nageuza hivi, nageuza vile, haiingii.

Hakuna aliyeniambia kwamba lenzi za Canon zilizoandikwa EF-S zimetengenezwa kwa kamera za sensa ndogo tu (sensa ni kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga), na 6D ina sensa kubwa, milimita 24 kwa 36. Nikawa na mwili wa kamera usio na jicho, na kila Jumamosi kina mama wa kikoba wananiangalia nitoe rejesho. Wiki tatu nilifanya kazi kwa kuazima lenzi ya kaka mmoja wa hapa mjini, ile fupi ya plastiki, 50 ya f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, lenzi inafunguka zaidi kuingiza mwanga). Picha zikatoka safi mpaka nikatamba. Nikasema, mnaona? Kamera kubwa ni kamera kubwa.

Baadaye sana, nikiwa nimetulia, ndipo nikapiga hesabu. Lenzi yangu ya zamani ukiivuta mpaka mwisho inafunguka f/5.6 tu. Ile ya kuazima inafunguka f/1.8. Ukichukua 5.6 ukagawa kwa 1.8, jibu ukalizidisha kwa lenyewe, unapata karibu mara kumi. Yaani lenzi ile ya bei ya chini kabisa ilikuwa inaniingizia mwanga karibu mara kumi ya ile ya kwanza. Na sensa kubwa niliyoikopea? Eneo lake ni kama mara mbili na nusu ya sensa ya 700D. Mara mbili na nusu si kidogo, lakini lenzi ile ilitoka mwaka 2015 ikiuzwa kama dola 125, na ingeingia kwenye 700D yangu bila shida yoyote. Nilibadilisha kamera nzima kwa sababu ya tatizo ambalo lenzi ya dola mia na ushee ingelimaliza.

Nisiseme uongo, kwenye sensa ndogo 50 inabana, inakuwa kama 80. Kwenye chumba cha bibi harusi cha futi kumi kwa kumi, na mashoga zake wote wamo, utarudi nyuma mpaka mgongo ugonge kabati. Lakini ukumbini inatosha.

Mpaka hapo utadhani nawaambia kamera ya gharama ni upuuzi. Ngojeni niwapeleke Ujiji.

Ilikuwa harusi ya Kiislamu, nikiwa na 6D ileile. Nimepiga nikaha vizuri, nimepiga wazee, nimepiga bwana harusi akiingia kwa mkewe. Jioni naingiza kadi kwenye kompyuta, haisomeki. Programu ya kurudisha picha ilinipa za mchana wa kina mama wakipika. Za nikaha hazikurudi hata moja. 6D ina nafasi moja tu ya kadi, kwa hiyo nakala haikuwepo popote. Nilirudisha hela yote. Bwana harusi alinisamehe, mama yake mpaka leo tukikutana sokoni anapanga nyanya zake kana kwamba sipo.

Mwaka huohuo wa 2012 Canon ilipotoa 6D, ilitoa pia 5D Mark III, ya bei juu zaidi. Ukiweka picha za kamera hizo mbili kwenye albamu, bibi harusi hawezi kukwambia ipi ni ipi. Ila 5D Mark III ina matundu mawili ya kadi, na ukiipanga hivyo kila picha inaandikwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo tofauti niliyoilipia baadaye, na ile hela sijawahi kuijutia. Mtu wa harusi hanunui pikseli zako, ananunua siku ambayo hairudiwi. Kama wewe unapiga paspoti na bidhaa za duka, tundu moja linakutosha. Picha ikipotea, mteja anakaa tena kitini.

Sasa kuna gharama ya aina nyingine kabisa, ya jina. Siku moja pale Kibirizi mgeni mmoja alikuwa anasubiri boti ya Gombe, shingoni ana Leica, kamera ya kifahari ya Wajerumani. Akanipa niishike. Nzito, baridi, imetengenezwa kwa adabu mpaka unatamani kuinusa. Za jamii ile, M11 iliyotoka 2022, bei yake ilikuwa karibu dola 9,000, bila lenzi, na fokasi unaizungusha kwa mkono wako mwenyewe. Keki inakatwa, MC anapiga kelele, wewe unazungusha! Kwa mtu anayetembea taratibu na anayeipenda, sawa, ni hela yake. Kwa kazi yetu hapana.

Na jina linaweza kukuuzia kitu kilekile. Hasselblad, Waswidi ambao kamera zao zilikwenda mwezini na Apollo, mwaka 2012 walitangaza kamera waliyoiita Lunar. Ndani ilikuwa Sony NEX-7. Nje wakaweka mpini wa mbao na madoido, bei ikapanda mara kadhaa. Leica nao wana mdogo wao, D-Lux, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitoka na pacha wake wa Panasonic wa bei ya chini. Ukiona bei imeruka, usiulize nani ameitengeneza, uliza ndani kimebadilika nini.

Jambo jingine ambalo mtu wa Dar hatakuambia, kwa sababu yeye yupo hatua chache kutoka Kariakoo: sisi tuko mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200. Kamera ikifa shata, lile pazia la ndani linalofunguka kila ukipiga picha, inasafiri kwenda kwa fundi, na wewe unakaa na oda za watu. Kwa hiyo mimi nanunua kamera ambayo jirani yangu naye anayo, tuazimane betri, chaja na lenzi. Ya kifahari ambayo mjini mzima ni yako peke yako, ikiumwa unaumwa nayo. Kwa iliyotumika, uliza shata imepiga mara ngapi. 5D Mark III Canon waliipima kwa mara 150,000. Muuzaji akisema hajui, punguza bei au ondoka.

Halafu flashi. Huku jua linazamia upande wa Kongo, na kila maharusi wanataka picha ufukweni jioni, ziwa likiwa nyuma yao. Bila flashi nyuso zinakuwa nyeusi ti, uwe na kamera ya milioni moja au ishirini. Sijui kwa nini vijana wanaikimbia flashi.

Yule aliyekuja wiki iliyopita na milioni zake nne nilimwambia arudi nazo nyumbani kwanza. Jumamosi nina sendofu Mwandiga. Aje na hiyohiyo kamera yake ndogo anayoidharau, nitamwazima 50 yangu usiku mzima. Akiidondosha, nitampeleka mwenyewe kwa kina mama wa kikoba.