Shangazi, kati ya hawa wawili nimchukue yupi?

*Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu tunafanya kazi kutwa nzima. Tuna mtoto wa miaka minne na mwingine wa miezi tisa. Tumeamua kumkaribisha au pair, kijana wa kutoka nchi nyingine wa kuishi nasi na kutusaidia kulea watoto, kwa mara ya kwanza, na baada ya kupitia majina mengi tumebaki na wasichana wawili. Wa kwanza ana miaka 19, mchangamfu, kwenye simu ya video aliimba na mwanangu mkubwa hadi mume wangu akasema, "Huyu ndiye." Wa pili ana miaka 24, alifanya kazi shule ya chekechea na amemlea mdogo wake tangu mchanga, lakini ukimuuliza anajibu neno moja moja. Mimi nataka mtu anayeweza pia kufua, kupika, na kuamka usiku mdogo akilia, maana atakula na kulala bure. Nimchukue yupi? Na nitajuaje ni mtu mwema, ilhali naona haya kumhoji binti wa watu kama polisi?*
*– Mama wa wawili*

Marahaba, mwanangu.

Hao wasichana waache kando kwanza. Umenieleza mengi juu yao, lakini nyumba watakayoingia umeieleza kwa mstari mmoja tu, na mstari wenyewe umenikaa kooni: kufua, kupika, kuamka usiku, kwa kuwa anakula na kulala bure.

Unayemtafuta hapo ni mfanyakazi wa ndani. Si aibu kumtafuta, mradi umwite hivyo na umlipe mshahara wa kazi hiyo. Au pair ni kijana anayekuja kuishi na familia kama mmoja wao, ajifunze lugha na maisha ya huko, naye awasaidie kulea watoto na kufanya kazi nyepesi za nyumbani. Mkataba wa Ulaya uliotiwa saini Strasbourg mwaka 1969 uliweka misingi ambayo bado utaikuta katika kanuni za nchi nyingi: chakula na malazi, posho mkononi, kazi ambayo kwa kawaida haizidi saa 5 kwa siku, siku moja nzima ya mapumziko kila wiki, nafasi ya kwenda darasani, na makubaliano ya maandishi. Hiyo "bure" yako ni sehemu ya malipo yake, na bado unadaiwa posho. Norwe iliufunga kabisa mpango wake mwaka 2024, baada ya malalamiko ya miaka kwamba familia zimeugeuza njia ya kupata wafanyakazi wa bei rahisi.

Basi kufua nguo za watoto, sawa. Kuwapikia watoto mchana, sawa. Mashuka yenu na choo chenu, hapana. Na usiku ni zamu yako na ya baba yao.

Sasa nikufanyishe hesabu ambayo naona hamjaifanya. Nyote wawili mnafanya kazi kutwa. Ukijumlisha na safari ya kwenda na kurudi, watoto wako wanahitaji mtu kwa saa 45 hadi 50 kila wiki. Ujerumani, au pair haruhusiwi kupita saa 30 kwa wiki. Marekani wanakwenda hadi 45, lakini si zaidi ya 10 kwa siku moja. Angalieni nchi mnayoishi inaruhusu saa ngapi, kisha mzitoe katika hizo 45 hadi 50. Zile saa zinazobaki nani atazijaza? Ikiwa jibu ni "atatuelewa", mmeshamdhulumu kabla hajafika. Huenda mkubwa akahitaji chekechea nusu siku, au mmoja wenu akaomba kubadilisha zamu, au mkamlipa mtu mwingine wa usafi mara mbili kwa wiki. Hayo yaamueni sasa, msingoje mpaka mgeni awe ameshafungua sanduku.

Mkishaelewana, andikeni wiki yenu ilivyo kwa kweli. Mdogo anaamka saa ngapi, mkubwa anakataa chakula gani, siku gani mnachelewa kurudi, chumba chake kina ukubwa gani, bafu anatumia na nani. Andikeni na mabaya: kwamba mkubwa anauma akikasirika, kwamba kituo cha basi kiko mbali, kwamba bibi yao huja kila Jumapili na ana maneno. Watumieni wasichana wote wawili karatasi hiyo hiyo, halafu mtulie. Usomaji wenu uanzie kwenye maswali watakayorudisha. Anayejibu "yote sawa, niko tayari" bado hajajiona ndani ya nyumba yenu. Anayeuliza, "Mkubwa akiuma, nyinyi huwa mnafanya nini?" huyo ameshaanza kufikiri kama mlezi. Mimi ningempa uzito kuliko wimbo wowote wa kwenye video.

Kuhusu haya: mficha uchi hazai. Mtu unayemkabidhi mtoto asiyejua hata kusema "naumwa" lazima umuulize, naye ana haki ya kukuuliza wewe. Kosa la wengi wanaokaribisha mara ya kwanza ni kuuliza maswali yanayojijibu. Ukiuliza "Unapenda watoto?" unategemea akwambie nini? Omba visa vilivyotokea. Niambie siku mtoto alipokushinda kabisa, ulifanya nini? Mtoto akipaliwa na chakula, hatua yako ya kwanza ni ipi? Mara ya mwisho kugombana na mtu mnayeishi nyumba moja, mliishaje? Ukishauliza, nyamaza. Wenyeji wengi hawavumilii kimya, wanamjazia msichana jibu mdomoni kisha wanamsifu kwa kujibu vizuri.

Muulize pia anakuja kutafuta nini. Kutaka kuondoka kwao si dhambi, vijana wengi wanataka, lakini asiye na jingine la kusema juu ya mwaka mzima, hata darasa analotaka kusoma au jambo analotaka kulijua, atachoka mapema. Mengine yaulizwe wazi na haraka: sigara, mzio, dini, chakula asichokula, kuogelea, leseni ya udereva kama atahitajika kuendesha. Na simu mkononi akiwa na mtoto. Hilo la simu mlizungumze kwa uaminifu, nanyi mjitazame.

Wadhamini msiridhike na barua zao. Pigeni simu, tena kwa mtu ambaye si ndugu yake. Yule wa pili alifanya kazi chekechea, kwa hiyo kuna mwalimu mkuu wa kumpigia. Muulize: "Leo ungemrudishia darasa?" Kisha sikiliza anavyovuta pumzi kabla ya kujibu. Na ikiwa yeyote katika safari hii, msichana au anayejiita wakala wake, atakuomba utume pesa ya viza au ya tiketi kwa haraka kabla hamjasaini chochote, kata simu. Huo ni utapeli wa siku nyingi.

Umeniuliza yupi, na sitakukwepa. Kwa nilivyosoma, naegemea kwa wa pili, na sababu yangu ni yule wa miezi tisa. Mtoto wa umri huo anatambaa, anaweka kila kitu mdomoni, na hana habari na wimbo. Marekani hawamruhusu au pair kulea mtoto wa chini ya miaka miwili bila uthibitisho wa angalau saa 200 za kulea watoto wa umri huo. Huhitaji kuishi huko kuona busara yake. Wa kwanza ana nini mkononi? Hukuniambia, na nashuku hamkumuuliza, mlikuwa mnacheka. Akiwa amelea wachanga kweli, jina lake lirudi mezani.

Na ukimya wa yule mwingine usiuhukumu upesi. Fikiria usaili wa kazi yako ya kwanza, kisha ufanye kwa lugha ya watu, mbele ya wageni wawili, intaneti ikikatika. Mpigieni tena, safari hii wewe peke yako, huku watoto wakicheza karibu na kamera. Zungumza polepole, mpe nafasi aulize. Akiwa bado wa neno moja moja na mkubwa wako hata hamtazami, basi mumeo ana hoja. Usimchukue mtu kwa kuwa tu shangazi wa gazetini alimwegemea.

Mkishaamua, saa, kazi, posho, likizo na bima viandikwe, na pia jinsi mtakavyoachana kama mambo hayatakwenda: notisi ya muda gani, nani analipa nauli, atalala wapi katika siku hizo. Watu wanaona ni uchuro kuzungumzia kuachana kabla ya kukutana. Mbona nyumba ya kupanga tunasaini notisi siku ya kwanza? Halafu mmoja wenu aombe likizo wiki mbili za mwanzo, awe nyumbani naye. Msimkabidhi mtoto siku ya kwanza na funguo juu.

Utakayemwacha mjulishe siku hiyo hiyo mtakayoamua, kwa maneno yako mwenyewe, asije akawa anazikataa familia nyingine akikungoja wewe.