Kabla ya Kununua Mtambo wa Majitaka, Tenganisha Mifereji

Mwenye kiwanda cha ngozi akipata onyo la NEMC, wasimamizi wa mazingira wa Tanzania, au la NEMA kwa wenzetu wa Kenya, mara nyingi hukimbilia kutafuta mkandarasi wa kumjengea mtambo wa kusafisha majitaka. Nimefanya kazi upande huo wa viwanda vya ngozi kwa miaka mingi, na kila anayeniuliza, mwenye mali au fundi kijana, namwambia asianzie kwenye mtambo. Aanzie ndani, kwenye mapipa ya kusindikia, ajue kila pipa linamwaga nini na kinaelekea wapi.

Maji ya kutolea manyoya yana chokaa na salfaidi, kemikali inayoyeyusha manyoya, na pH yake, yaani kipimo cha asidi ambapo 7 ni katikati na chini yake ni asidi, hufika 12. Maji ya kusindikia kwa kromu, madini yanayoifanya ngozi isioze, ni ya asidi, pH kama 3 au 4. Viwanda vingi vya zamani huyapitisha yote katika mfereji mmoja, na hapo ndipo penye kifo. Asidi ikikutana na salfaidi hutoka gesi ya haidrojeni salfaidi, nzito kuliko hewa, inayotuama mashimoni. Ikiwa kidogo hunuka kama mayai viza. Ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, na mtu akadhani imekwisha. Fundi anashuka kuzibua pampu, hapandi. Mwenzake anamfuata kumwokoa, naye hapandi. Nawasihi, asishuke mtu bila shimo kupulizwa hewa safi na kupimwa gesi, wala bila mtu aliyebaki juu na kamba mkononi. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi hii hata kidogo.

Kutenganisha kunaokoa na fedha pia. Kwa usindikaji wa kawaida, ngozi hunyonya kama asilimia 60 hadi 70 tu ya kromu. Iliyobaki umeilipia na inakwenda mferejini. Ikikusanywa kwenye tangi lake, chuja kwanza nyuzi na vipande vya nyama, kisha tia oksaidi ya magnesiamu kidogo kidogo huku ukikoroga, mpaka pH ifike kati ya 8 na 9. Zima mashine, acha hadi kesho yake. Utakuta maji yamejitenga juu, na chini limelala tope zito la kijani. Toa maji, yeyusha tope kwa asidi ya salfuriki, irudishe kromu hiyo kazini pamoja na mpya. Wapo wanaotumia soda kali kwa sababu inafanya kazi upesi, lakini tope lake ni jepesi, linachukua nafasi kubwa na kutulia kwake ni kwa shida. Magnesiamu ina bei, na bado ndiyo ninayoichagua.

Maji ya salfaidi nayo yapate tangi lake. Yapulizie hewa na utie manganizi salfeti kidogo ya kuharakisha, mpaka kipimo kionyeshe salfaidi imeisha. Nasema kipimo, kwa sababu nimeona zamu zikifungua valvu kwa kuangalia saa. Yakishapita hapo ndipo yakutane na maji mengine na kuingia kwenye bwawa la bakteria, ambao wasingestahimili sumu ile.

Mkandarasi akija, mtembeze kwanza kwenye mapipa na umwombe akuchoree njia ya kila maji. Akikutajia bei ya mtambo kabla ya hapo, tafuta mwingine.

Kuhusu chumvi iliyohifadhia ngozi mbichi, mtambo wa kawaida hauitoi kwenye maji. Itapita matangi yote na kufika mtoni. Dawa yake ni kukung'uta ngozi mbichi vizuri kabla ya kuziloweka, na chumvi inayodondoka ikusanywe mahali palipoezekwa, mvua isije ikaikokota.