Tunasafiri na Bibi, Tufikie Wapi?

Likizo ya Desemba inanukia, na maswali mengi mliyoniletea yana bibi au babu ndani yake. Nami ni bibi mwenye magoti yanayolalamika, kwa hiyo nimejibu kwa upendeleo.

Bibi, shikamoo. Tuko watu 11, kuanzia mama yangu wa miaka 74 hadi kitinda mimba wa miaka 3. Tunakwenda Zanzibar. Tulale Mji Mkongwe au ufukweni? (Mama Wawili, Tabata)

Marahaba. Mji Mkongwe nendeni kutembea, msilale. Majumba yale ni ya ghorofa, ngazi zake nyembamba na zimesimama wima, na vyumba vya wageni mara nyingi viko juu. Mwaka juzi nilipandishwa ngazi 41 kwenye nyumba moja niliyoambiwa kwa simu kuwa "wazee wanafikia sana hapa". Asubuhi niligoma kushuka, chai ikaletwa chumbani. Ukipiga simu, usiulize kama panafaa wazee, maana hakuna atakayekujibu hapana. Uliza chumba kiko ghorofa ya ngapi, choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, na bafuni kuna kizingiti cha kuruka?

Ufukweni nako kuna hesabu yake. Paje na Jambiani, upande wa mashariki, maji yakipwa huenda mbali kabisa, mkabaki na mchanga, mwani na vidimbwi. Wajukuu watafurahi kuokota kombe, lakini aliyepania kuogelea saa nne asubuhi anaweza kukuta bahari imehama. Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayaendi mbali hivyo. Mkichagua mashariki, tazameni mwezi kabla ya kulipa: ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, na hizo ndizo siku za mama yako.

Baba mkwe anataka kumwona simba "kabla sijafa", maneno yake mwenyewe. Ana presha na kisukari. Serengeti ataiweza? (Mkamwana, Kimara)

Ataiweza, ila kwa gari kutoka Dar atatumia siku mbili barabarani kabla hajamwona hata swala. Mpelekeni Mikumi. Treni ya SGR inawafikisha Morogoro kwa takribani saa mbili, mzee akiwa amekaa vizuri na choo kiko karibu. Kutoka hapo kodini gari. Ni kama kilometa 100, na barabara kuu ya Iringa inakata katikati ya hifadhi. Simba hana miadi na mtu, lakini tembo, twiga na pundamilia mara nyingi huonekana hata kutoka barabarani.

Sasa jambo ambalo mzee hatakwambia. Baadhi ya vidonge vya presha huongeza mkojo, na wazee wengi huviacha kimyakimya siku ya safari ili wasimsimamishe dereva. Muulizeni daktari wake mapema avimeze saa ngapi. Halafu dereva aambiwe mbele ya wote kwamba kila baada ya saa moja na nusu mnasimama kuchimba dawa, isionekane ni kwa ajili ya mtu mmoja. Ndani ya hifadhi hamruhusiwi kushuka popote mpendapo, basi choo kiwe kabla ya kuingia. Mzunguko wa alfajiri usimkute hajala, na kama anatumia insulini, isisahauliwe kwenye gari lililoegeshwa juani.

Tunakuja Mombasa kutoka Leicester na watoto waliozaliwa huku. Mume wangu anasema yeye ni wa Kisauni, malaria haimwezi. Mama yangu wa Nairobi atatufuata pwani. (Msomaji, Uingereza)

Mwambie mumeo kinga ile hufifia mtu akikaa nje miaka mingi, na wanawe hawakuwahi kuwa nayo kabisa. Mwoneni daktari wiki kadhaa kabla ya safari awape dawa za kujikinga, na chandarua kisikose. Mkirudi, mtu akipata homa, hata baada ya miezi, daktari ajue mlikuwa pwani ya Kenya. Mama naye asijione mwenyeji: Nairobi iko juu na malaria ni adimu, kwa hiyo akiishi huko miaka mingi, mbu wa Mombasa ni mgeni kwake pia.

Treni ya Madaraka itamfaa kuliko basi. Ila stesheni zote mbili, Syokimau na Miritini, ziko nje ya mji. Teksi ipangwe mapema, asibaki na mabegi akitafuta usafiri.

Aprili hoteli ni bei chee. Twende? (Baba Junior, Tanga)

Ni masika. Kama nyumba ina baraza pana na mnapenda karata, nendeni. Kama mna watoto wanne wasiotulia, bei hiyo chee mtailipa kwa masikio.

Mwaka jana nilifungiwa chumbani na wajukuu wanne huku wengine wakila samaki ufukweni. Mwaka huu nataka kukataa. Nakosea? (Bibi, Moshi)

Hukosei, bibi mwenzangu. Ila sema sasa, kabla nauli hazijakatwa: usiku mmoja nitawashika, siku zilizobaki mje na dada wa kazi na posho yake juu. Na samaki uagize mzima, wa kwako peke yako.