Ukisingiziwa kwenye hati ya mahakama, jibu aya kwa aya

Hati ya madai niliyoletewa dukani, hapa Ngamiani, Tanga, iliniita mwizi kwa lugha ya adabu: "mdaiwa alijimilikisha fedha za biashara." Aliyeniandika hivyo ni mtu niliyekula naye daku. Sijamaliza kuisoma, mtaa ulishajua.

Shangazi alitaka nimfuate kwake nikamuulize mbele za watu. "Mwanangu, ukinyamaza watasema kweli." Kunyamaza kunaponza, sikatai, ila pa kusemea ni mahakamani. Kwa kesi ya madai mahakama ya wilaya, una siku 21 tangu ukabidhiwe hati kuwasilisha utetezi wa maandishi. Zikipita kimya, kesi inaweza kusikilizwa upande mmoja. Andika tarehe ya kupokea juu ya nakala yako, papo hapo.

Wengi wanaumia kwenye jibu lenyewe. Wanaandika "nakana yote, ni uongo mtupu", kisha kurasa za lawama. Kisheria, jambo usilolikana bayana huhesabiwa umelikubali. Aya ya 6 ilidai nimepokea milioni tatu taslimu. Sikuandika kwamba ni mwongo, ingawa roho ilitamani. Niliandika kwamba sikupokea taslimu. Fedha hizo zilitumwa kwa simu kwa muuza vitenge wa Kariakoo, na nikaambatisha taarifa ya miamala. Kwamba tulikuwa washirika ni kweli, nikakubali. Ukikana hata hilo, hakimu akuamini lipi?

Usihangaike kukusanya watu wa kukusifia tabia. Anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Wewe tafuta karatasi.

Kumshtaki kwa kashfa? Yaliyoandikwa ndani ya shauri yana kinga, utapoteza nauli. Akiapa uongo huku anajua ni uongo, hilo ni kosa la jinai, lakini msubiri kwanza kizimbani kwenye maswali ya dodoso, zamu yako ya kumhoji. Huko ndiko aya ya 6 ilikomshinda kueleza.

Huna fedha ya wakili, ulizia wasaidizi wa kisheria. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Wapelekee hati yenyewe, kurasa zote, na wito wake. Historia ya urafiki wenu hawaihitaji.