Ping inajibu lakini kaisi haioni baze

SWALI: Jambo sana mukubwa. Niko na depo ya vifaa vya ujenzi huku Ruashi, masini ya kaisi inatafuta PostgreSQL (programu ya kutunza baze) yenye iko ku masini ingine mu biro ya nyuma, zote Ubuntu. Tangu umeme ulirudi jana kaisi inasema haioni baze, na nikipiga ping inajibu muzuri. Hakuna kaskripti ka kunionyesha kama porti 5432, ule mulango wa PostgreSQL, iko wazi? – Msomaji, Lubumbashi

JIBU: Jambo kaka. Ping uiache kwanza, ile inakuambia tu kuna kitu kinajibu ku ile adresi, mambo ya porti haijui hata kidogo. Ikaa ku masini ya kaisi, siyo ku serveri, juu ukipima palepale ku serveri itakujibu ndiyo na shida itabaki, kisha andika:

timeout 3 bash -c '</dev/tcp/192.168.1.20/5432'; echo $?

IP weka yako. Hakuna cha kuinstale, bash (programu yenye inasoma amri zako) yenyewe inajua ile /dev/tcp, ila ukiiweka mu skripti bila bash -c uianzishe na bash kweli, maana sh ya Ubuntu ni dash na dash haiijue, itasema fayilo haiko na wewe utafikiri porti imefungwa.

Ikitoka 0 iko wazi, basi. Ikitoka 124 ni timeout imekata baada ya sekunde 3, hakuna mwenye kujibu, mara mingi parefe (ukuta wa kulinda rezo) inameza pakiti kimya. Ikitoka 1 soma maandishi: Connection refused ni kusema masini imejibu lakini hakuna programu inasikiliza pale. Skripti mingi za watu zinaandika tu «imefungwa» kwa 1 na kwa 124, mie sizipendi, hizo ni shida mbili na kila moja na dawa yake.

Kwako naona kama itakuwa 1. Ku serveri piga ss -ltn, inaonyesha porti zenye zinasikiliza, ukikuta 127.0.0.1:5432 peke yake, PostgreSQL inasikiliza wa ndani tu, angalia listen_addresses mu postgresql.conf kisha uiwashe upya. Lakini mbele ya yote piga ip a palepale ku serveri uone IP yake, juu umeme ukirudi ruta inaweza kugawa adresi upya, na yenye inajibu ping yako saa hii pengine ni printa. Kama ni hivyo, serveri uipe IP ya kudumu.