Rangi itakudanganya: vile mimi natofautisha mbawakawa wa ardhini

Mvua ya Aprili ikianza hapa Nairobi, ukiwasha taa ya veranda usiku unaona wadudu weusi wanakimbia kwa sakafu kama hoka ameona kanjo, na kwetu nyumbani wote wanapiga nduru "Nairobi fly!" Hapana jamani. Nairobi fly ni kale kembamba ka rangi ya chungwa na nyeusi, mabawa mafupi tumbo liko nje. Hawa wakimbiaji wengi ndio mbawakawa wa ardhini, familia ya Carabidae, na hiyo familia ina spishi zaidi ya 30,000 duniani, kwa hivyo ukisema "ni yule mweusi" bado hujasema kitu.

Mimi nilianza na vikopo vya yogati, nikavizika kama mitego kwa shamba la mama mdomo ukiwa sawa na udongo. Asubuhi nikapata wawili, mmoja mweusi ti mwingine kahawia, nikaandika spishi mbili na kujisifu. Kumbe ni spishi moja tu, yule wa kahawia alikuwa ametoka juzi kwa pupa (ile hatua kati ya buu na mdudu mzima) na rangi haijakolea. Kosa la pili likawa dume na jike, nikaona miguu ya mbele ya mmoja ina wayo (vile vipande vya mwisho vya mguu) mpana nikadhani nimepata kitu kipya, kumbe madume wengi wako hivyo, huko chini wana vinywele vya kumshikilia jike. Saizi nayo usiitegemee, buu aliyekula vibaya anatoa mbawakawa mdogo.

Kabla ya yote geuza mdudu. Hesabu vipande vya wayo, Carabidae wana 5 kwa kila mguu, na wale weusi wengine wanaofanana nao sana (Tenebrionidae) mguu wa nyuma una 4. Alafu pale mguu wa nyuma unapoanzia utafute kipande kimevimba kama punje ya maharagwe. Ukikiona, huyo ni Carabidae, sasa toa lenzi ya mara 10 uangalie lile bamba la juu ya kifua, kona zake za nyuma ni kali ama za mviringo, na kama kuna unywele hapo. Unywele huvunjika ovyo, kwa hivyo tafuta kale kashimo ulipokuwa umeota.

Msicheke unywele. Huko Ulaya Nebria brevicollis na Nebria salina ni kama mapacha, na njia moja ya kuwatenganisha ni vinywele juu ya wayo wa nyuma, brevicollis anavyo salina hana. Pterostichus nigrita na rhaeticus ndio balaa kabisa, hapo unapasua dume uangalie uume wake. Sasa wewe unanitumia picha ya simu imepigwa gizani unataka jina kamili, aki nitatoa wapi? Mimi nikikwama naandika jenasi tu (lile jina la kwanza, kama Nebria) naacha hapo, ama nalinganisha na wale waliohifadhiwa pale National Museums of Kenya.

Usiwashike ovyo lakini. Kuna Carabidae wa jenasi Pheropsophus, anafyatua kemikali moto karibu digrii 100, pah! na Anthia wakubwa wanarusha asidi, weka macho mbali.

Na lebo andika kwa penseli, mahali na tarehe. Mimi nilitumia biro ndani ya spiriti, wino ukayeyuka wote, sasa nina chupa 14 za mbawakawa weusi na sijui hata mmoja alitoka wapi.