Kuandika Sababu kwa Kiingereza: Ushauri kwa Wanaoanza Kuandika Ripoti

Ripoti ya kwanza niliyoiandika kwa Kiingereza kazini ilihusu kisima kilichoacha kutoa maji, na nilirudishiwa ikiwa na alama nyekundu sita, tano kati yake zikiwa mahali nilipokuwa ninaeleza kwa nini jambo fulani lilitokea. Msamiati haukuwa na kasoro, wala nyakati za vitenzi. Nilikosea pale ambapo msomaji wa ripoti ya kiufundi hupatazama kwanza, yaani kwenye chanzo cha hitilafu. Tangu hapo nimehariri ripoti za wenzangu kwa miaka mingi, wengi wao wakiwa wazungumzaji wa Kiswahili kama mimi, na makosa ninayokutana nayo ni yale yale. Ninayaeleza kwenu mnaoanza kwa sababu mengi hayatokani na uzembe. Yanatokana na Kiswahili chenyewe, ambacho kina utaratibu wake wa kueleza sababu, na utaratibu huo haulingani na wa Kiingereza.

Tuanze na silabi moja. Tunasema “kwa sababu pampu iliharibika” na pia “kwa sababu ya uharibifu wa pampu”, na kinachotofautisha miundo hiyo miwili ni “ya” peke yake. Kiingereza nacho kina “because” inayofuatwa na kishazi chenye kiima na kitenzi, na “because of” inayofuatwa na nomino. Hapo hatupotei sana. Tunapotea tunapotaka kupamba maandishi na kuchukua “due to”, “owing to”, “on account of” au “as a result of”, ambazo zote zinafanya kazi ya “kwa sababu ya”, na haziwezi kubeba sentensi kamili. Ndiyo maana “The village had no water due to the pump broke down” ni kosa, ingawa kila neno lililomo ni sahihi likisimama peke yake. Andika “because the pump broke down”, au ukitaka nomino, “due to the failure of the pump”. Kabla ya kuendelea na sentensi yoyote ya namna hii, tazama kinachofuata kirai cha sababu: ukiona kitenzi kinachoonyesha wakati na kina kiima chake, unahitaji “because”.

Mtego wa ndani zaidi uko kwenye kitenzi chetu cha “ku-”. Kwa Kiswahili “kuharibika” ni kitenzi na ni nomino kwa wakati mmoja, hivyo “kwa sababu ya pampu kuharibika” inakaa vizuri kabisa. Mwandishi anayefikiri kwa Kiswahili anaandika “due to the pump to break down”, na hapo Kiingereza kinakataa. Umbo linalokubalika ni “due to the pump breaking down”, lakini katika maandishi rasmi linaonekana zito, na mimi hushauri nomino au kurudi kwenye “because”. Wengine hujiokoa kwa “due to the fact that”. Kisarufi hakuna tatizo, ila ni maneno matano yanayofanya kazi ya neno moja, na ripoti yenye kirai hicho mara nane inamchosha msomaji bila faida yoyote.

Kuhusu “due to” kuna ubishi wa zamani ambao mtakutana nao, kwa hiyo ni vema muufahamu. H. W. Fowler, katika kitabu chake cha matumizi ya Kiingereza kilichotoka mwaka 1926, alipinga kutumia “due to” kama kihusishi, kwa hoja kwamba “due” ni kivumishi na lazima kiegemee nomino. Kwa mtazamo huo “The delay was due to rain” ni sahihi, kwa kuwa kilichotokana na mvua ni ucheleweshaji, lakini “Work stopped due to rain” si sahihi, kwa kuwa hakuna nomino ambayo “due” inaivumisha. Kamusi nyingi za leo zinakubali matumizi yote mawili. Hata hivyo wahariri wa zamani bado wapo, na baadhi yao ndio watakaosoma kazi zenu. Utaratibu wangu ni kutumia “due to” baada ya “was” au “were”, na “because of” kwingineko, kwa kuwa sentensi za namna hiyo haziwezi kukosolewa na upande wowote.

Sasa nije kwenye “kutokana na”, ambayo naamini ndiyo inayowaharibia kazi watu wengi kuliko nyingine zote. Kiswahili cha ofisini kinaipenda mno, na kinaitumia kwa maana zaidi ya moja. “Kutokana na mvua kubwa” ni sababu. “Kutokana na taarifa ya mhandisi, kisima kina kina cha mita 60” si sababu hata kidogo. Ni chanzo cha habari. Nimewahi kusoma “Due to the engineer’s report, the borehole is 60 metres deep”, sentensi inayodai kwamba ripoti ndiyo iliyochimba kisima. Hapo panatakiwa “according to”. Na “kutokana na matokeo haya, tunapendekeza” ni “on the basis of these results”. Jirani yake ni “kufuatia”, ambayo wengi huitafsiri kuwa “following” wakikusudia sababu, lakini “following” inataja kwanza mfuatano wa wakati. Ukiandika “Following the inspection, the pump failed”, msomaji atabaki akijiuliza kama ukaguzi ndio ulioiharibu pampu au ni mambo mawili yaliyofuatana tu. Katika ripoti ambayo mtu anaweza kulaumiwa, utata wa namna hiyo haukubaliki.

Neno “sababu” lenyewe lina upana ambao Kiingereza kimeugawa mara mbili. Kinacholeta tukio ni “cause”, nacho huchukua “of”: “the cause of the leak”. Kinachohalalisha uamuzi au kueleza kitendo ni “reason”, nacho huchukua “for”: “the reason for the delay”. “The reason of the delay” ni Kiswahili kilichovaa nguo za Kiingereza, kwa sababu “ya” yetu tumezoea kuigeuza kuwa “of”. Jiulizeni kama mnazungumzia bomba au mnazungumzia mtu: bomba lina “cause” ya kupasuka, na meneja ana “reason” ya kutolinunua jipya.

Kitenzi “kusababisha” nacho kinahitaji uangalifu. Sisi tunasema “mvua ilisababisha barabara ifungwe”, na mkono unaandika “The rain caused that the road was closed”. Kiingereza hakijengi hivyo. Hutaja shamirisho kwanza na kisha kitenzi chenye “to”: “caused the road to be closed”. Ukitumia “make”, hiyo “to” haitakiwi: “made the engine stop”. Ukitumia “lead to”, hiyo “to” ni kihusishi, na baada yake inakuja nomino au umbo la “-ing”: “led to the closure of the road”, kamwe si “led to close the road”. Kuna jambo jingine hapa ambalo sarufi pekee haikufundishi. Mwanaisimu Michael Stubbs, akichunguza hazina kubwa za matini katika miaka ya 1990, alionyesha kwamba kitenzi “cause” huandamana kwa kiasi kikubwa na mambo mabaya: uharibifu, matatizo, maradhi, wasiwasi. “The training caused an improvement” haina kosa la kisarufi, lakini mzawa wa lugha atasita akiisoma. “Led to” au “brought about” inakaa vizuri zaidi. Kinyume chake ni “thanks to”, ambayo katika ripoti hubaki kwa matokeo mema tu.

Kihusishi “kwa” nacho kinabeba sababu kimya kimya, na kwa kuwa tumejifunza “kwa basi” kuwa “by bus”, tunaandika “by” kila mahali. Mtu aliyekufa kwa malaria “died of malaria”. Aliyetetemeka kwa baridi alikuwa “shivering with cold”. Aliyetozwa faini kwa mwendo kasi “was fined for speeding”. Aliyesaidia kwa huruma alifanya hivyo “out of compassion”, kwa kuwa hapo tunataja msukumo wa moyo. Na kazi iliyosimama kwa kukosa vipuri ilisimama “for lack of spare parts”. Hakuna kanuni moja inayozifunga zote. Kila moja hujifunzwa pamoja na neno linaloiandama, kama mtoto anavyojifunza kwamba mvua hunyesha na jua huwaka.

Yapo mawili ya kupitia haraka. “Kwa kuwa” na “kwa vile” za mwanzo wa sentensi zinalingana vizuri na “since”, lakini sisi huweka “basi” au “kwa hiyo” mbele ya kishazi cha pili, na Kiingereza hakiruhusu “Since the road was flooded, so the team returned”; chagueni kimoja. “As” hutumika vivyo hivyo, ila inaweza kusomeka kama “wakati”, kwa hiyo iepukeni penye mashaka. Pia, “the reason is because” inasikika kila siku, lakini wahariri wengi huibadili kuwa “the reason is that”.

Kosa la mwisho ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi kuligundua, kwa sababu halionekani. “The operator did not stop the pump because the pressure was low.” Je, hakuizima, na kilichomzuia ni presha ndogo? Au aliizima, lakini kwa sababu nyingine? Sentensi ya Kiswahili ina utata huo huo, na katika mazungumzo sauti hutusaidia, lakini karatasi haina sauti. Mkato kabla ya “because” unaelekeza kwenye maana ya kwanza, na kuanza na sababu kunaondoa shaka kabisa: “Because the pressure was low, the operator did not stop the pump.” Wapo walioambiwa shuleni kwamba sentensi haianzi na “because”. Inaanza, ilimradi kishazi kikuu kifuate. Na kama maana iliyokusudiwa ni ile ya pili, isemeni wazi: “The operator stopped the pump, but not because the pressure was low.”

Mkiwa na shaka kuhusu kirai chochote, kitafuteni kwenye British National Corpus, hazina ya matini yenye maneno takriban milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza, au kwenye hazina ya Kiingereza cha Marekani iitwayo COCA, yenye zaidi ya bilioni moja. Andikeni “the reason of the” kisha “the reason for the”, mlinganishe idadi, na msome mistari kumi au kumi na tano ya kila kirai ili muone ni nomino gani zinazofuata.